Mgeni wa Meza ya Pembeni

Kijiko cha pili kilikuwa kimelowa mchuzi.

Shangazi alikiona alipokuwa anajifuta mdomo, akadhani ni uzembe wa mhudumu. Katika mgahawa ule kila meza ya watu wawili iliwekwa vijiko viwili hata kama mlaji ni mmoja, na yeye siku zote alikuwa mmoja. Akakishika. Kilikuwa na joto, na punje moja ya wali ilikuwa imeganda ukingoni. Akakirudisha mahali pake, akatoka mbio, maana muda wake wa chakula ulikuwa umebaki dakika sita na kazini hakuna aliyekuwa anambembeleza mtu.

Huyu Shangazi hakuwa shangazi wa yeyote pale mjini. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na mitatu na wao wengi hawajafika hata thelathini. Alikuwa amehamia mjini miezi mitatu nyuma, akamwacha binti yake wa miaka kumi kwa mdogo wake, na ahadi ilikuwa moja tu: shule zikifungwa, mtoto atamfuata. Kwa ajili ya siku hiyo alisimama kwenye mvuke tangu asubuhi mpaka jioni, akipiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Kwa ajili ya siku hiyo alikubali kupanga chumba ambacho mwenye nyumba amekataza jiko la aina yoyote, hata la kuchemshia maji ya chai, kwa sababu mpangaji wa zamani aliwahi kuunguza pazia. Jioni alikula mkate na kulala. Mchana ilibidi ale nje.

Na kula nje katika mji mgeni ni kazi nyingine juu ya kazi. Kibanda cha kwanza alichojaribu kilipika maharage yenye mawe. Jiwe la kwanza alinyamaza, la pili alinyamaza, la tatu likamvunja jino. Mahali pa pili palikuwa na vioo ukutani na chakula kizuri cha kutazama, ila kilikwisha kabla hajajua kama ameanza. Pa tatu mpishi alijikuna kichwa kwa mwiko. Mwisho Shangazi akatumia akili: akawafuata mafundi ujenzi. Mtu aliyebeba zege tangu alfajiri hawezi kutembea mbali kwa ajili ya chakula kibaya. Wakampeleka mpaka nyuma ya maduka ya vipuri, kwenye chumba kifupi chenye meza nane na mpishi mnene asiyependa maneno, na alipoonja mchuzi wa pale, macho yakajifumba yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu ahame alijisikia kwamba amefika.

Meza zote zilikuwa zimejaa isipokuwa ile ya pembeni, ya watu wawili, iliyoegemezwa ukutani. Baadhi ya mafundi walikula wamesimama, sahani mkononi. Shangazi aliona ni heshima, wamemwachia mama mtu mzima kiti. Akakaa, akashukuru.

Sasa, yeye alilelewa na mama mkali, na katika nyumba ile hukutia kitu mdomoni mbele ya mtu bila kumkaribisha. Neno lenyewe lilimtoka kabla ya kijiko kuinuka. Wiki ya pili, siku ambayo tangu asubuhi hakuna aliyemwambia neno zaidi ya "harakisha", aliinua kijiko, akatazama kiti kitupu mbele yake, akajicheka.

"Karibu tule," akakiambia kiti.

Ilimpunguzia uchovu kidogo. Kesho yake akasema tena. Baada ya siku chache akawa na mazungumzo mafupi, ya chinichini, midomo ikicheza nyuma ya kijiko. Alimsimulia mtu wake huyo wa kubuni habari za binti yake: anavyopenda hesabu, anavyoogopa kuku, anavyolala na mama yake mdogo katika nyumba ya mlango wa bluu, mkabala na kinu cha kusaga unga. Watu wanazungumza na redio, wanazungumza na paka, kwa nini yeye asizungumze na kiti?

Halafu ndipo kikaja kile kijiko chenye mchuzi.

Siku iliyofuata wali wake ulikuwa umechimbwa upande wa pili wa sahani, upande ambao yeye hakuugusa. Akafikiri ni kusahau. Mtu akichoka husahau hata mdomo wake. Lakini chakula kilianza kupoteza ladha. Mchuzi uleule uliomfumba macho sasa ulikuwa maji ya moto. Alimaliza sahani, akaongeza nyingine, akanyanyuka na njaa ileile aliyoingia nayo. Akabadilisha mgahawa. Kule alikokwenda nako, mhudumu akaja na sahani moja na vijiko viwili.

"Mbona viwili?" akauliza.

"Si mko wawili, mama?" mhudumu akajibu, kisha akatazama kiti cha pili, akapepesa macho, akaondoka bila kuchukua kimoja.

Na palikuwa na harufu. Shangazi aliijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani: harufu ya shuka pasi inaposahauliwa juu yake, kitambaa kinachoanza kuungua. Ilikuwa inatoka upande wa pili wa meza.

Wiki tatu zikapita hivyo. Sketi ikaanza kumzunguka kiunoni. Msimamizi wa chumba cha kufulia akamwita pembeni, akamwambia kwamba mashuka yake siku hizi yana mikunjo, na kwamba mtu anayeyumba karibu na mashine ya mvuke ni hatari kwake na kwa wenzake. Hakumfukuza. Alisema tu kwamba mwisho wa mwezi watazungumza tena. Mwisho wa mwezi ndio ulikuwa mwisho wa muhula. Shangazi alirudi kwenye meza yake ya pasi akiogopa kweli, kwa sababu bila kazi hakuna chumba, na bila chumba mtoto atakaa kwa mama yake mdogo mpaka azoee kutokuwa na mama.

Shuka la hoteli hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe za huku, mwingine za kule, wanavuta, wanakutana katikati, wanaachana. Mwenzake wa kukunja alikuwa msichana aliyeitwa Kifupi, aliyekuwa mrefu kuliko wote. Alhamisi moja, kama saa nne asubuhi, Kifupi alikwenda kuchukua foronya, na Shangazi akabaki na shuka la kitanda kikubwa mikononi, pembe mbili amezishika, pembe mbili zinaburuta sakafuni, akawa anamsubiri mwenzake huku mashine zinaunguruma na mvuke umejaa mpaka ukutani, na kwenye ule mvuke akaona pembe mbili za kule zinainuka, polepole, kwa adabu, zikafika usawa wa kifua, zikavutwa mpaka shuka likanyooka, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele, shuka likaanza kumjia, linakunjwa vizuri kabisa kama alivyofundishwa kukunja, hatua kwa hatua, na nyuma yake ikija ile harufu ya kuungua pamoja na sauti ndogo ya kitu kinachotafuna, bila haraka, hata pembe zilipofika mikononi mwake akahisi vidole vyenye joto vinamkabidhi.

Kifupi alimkuta amekaa sakafuni, shuka limekunjwa mapajani.

"Nani amekusaidia?" akauliza.

"Usipaze sauti," Shangazi akanong'ona. "Anakula."

Kifupi hakucheka. Jioni ileile alimpeleka kwa baba mkwe wake, mzee aliyehudumia meza za hoteli miaka thelathini na sasa, baada ya kustaafu, alikuwa anatoa majini na mashetani. Alikuwa mzee nadhifu, taulo jeupe limelala kwenye mkono wa kushoto hata akiwa nyumbani kwake. Akasikiliza mpaka mwisho, bila kushangaa.

"Ulimkaribisha mwenyewe?"

"Nilikuwa natania, baba. Nilikuwa peke yangu."

"Yeye hakujua unatania. Pengine miaka mingi hajakaribishwa mahali." Mzee akakunja taulo. "Watu wanakimbilia kufukiza na kupiga kelele. Mimi nimefukuza walevi na mawaziri, na hakuna aliyewahi kutoka kwa kelele. Nikuulize. Baada ya kula, umewahi kumnawisha mikono?"

Shangazi akatikisa kichwa.

"Basi kwake yeye chakula hakijaisha. Yuko kwenye mlo uleule tangu siku ya kwanza. Atakula mpaka kisibaki kitu, na kinachokwisha ni wewe."

Kesho yake walikwenda kwenye ule mgahawa wa meza ya pembeni, na mafundi walipomaliza kula na kurudi kwenye zege lao, mpishi mnene alifunga mlango wa mbele na kusimama jikoni, mikono ameificha kwenye aproni. Alikiri kwa sauti ndogo kwamba ile meza ameshaitupa mara mbili, na mara mbili ameikuta asubuhi imerudi pembeni, vijiko juu yake. Mzee akampa Shangazi beseni, jagi la maji ya uvuguvugu na taulo.

"Mnawishe. Mshukuru. Mimi nitamfungulia mlango wa nyuma. Na usiongeze neno, mwanangu. Mgeni wa aina hii huondoka na neno la mwisho alilopewa. Nitakuwa nje nimeushika mlango."

Shangazi akakaa mahali pake. Cha ajabu, pamoja na hofu alijisikia vibaya kumfukuza. Katika mji mzima, aliyekuwa amekaa naye mezani kila siku bila kukosa ni huyu. Alimsikiliza bila kumkatiza. Akainamisha jagi juu ya beseni.

Maji yalimwagika, yakasimama hewani. Hayakushuka moja kwa moja, yalizunguka kitu, yakapita katikati ya vidole virefu ambavyo vilionekana kwa sababu tu vimelowa, vidole vingi kuliko vinavyopaswa kuwa kwenye mikono miwili, vikisuguana taratibu, na maji yaliyoanguka kwenye beseni yalikuwa meusi, yana mafuta ya mchuzi wa wiki zote hizo, na harufu ya kuungua ikapanda mpaka mpishi akajiziba pua kwa aproni, na Shangazi akaendelea kumimina, machozi yanamtoka, mpaka jagi likaisha na maji ya mwisho yakaanguka safi. Akanyoosha taulo. Likachukuliwa. Likafutiwa. Likarudishwa mezani likiwa limekunjwa, pembe kwa pembe.

"Ahsante kwa kula na mimi," akasema.

Kiti kikasogea nyuma. Mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga wa mchana ukaingia, na joto likampita ubavuni kuelekea nje. Miaka arobaini na mitatu ya kusindikiza wageni mpaka mlangoni haimtoki mtu kwa siku moja. Aliinuka nusu, akapunga mkono.

"Haya, wasalimie nyumbani," akasema.

Mlango ukafungwa. Mzee akaingia, akanusa hewa, akatazama beseni, akaridhika.

"Umesema kitu?"

"Nimeaga tu, baba."

"Vizuri. Kula sasa."

Mpishi akampakulia. Kijiko cha kwanza, chumvi. Shangazi alikuwa amesahau kwamba chumvi ni kitu kizuri namna hiyo. Akala, akalia, akala, na mpishi asiyependa maneno akamwongezea bila kuulizwa. Wiki hiyo alilala usingizi wa mtu mfu. Mashuka yake yakanyooka. Msimamizi alipita, akapapasa moja, akasema, "Sasa huyu ndiye Shangazi ninayemjua." Akanunua godoro dogo la mtoto, akaliegemeza ukutani chumbani kwake, akawa analitazama kila akiamka.

Jumapili jioni simu ikaita wakati anakula mkate wake. Alikuwa binti yake, na nyuma ya sauti yake kulisikika vyombo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mnakula?"

"Ndiyo. Mama, mgeni wako amefika."

Shangazi akaacha kutafuna. "Mgeni gani?"

"Aliyeleta salamu zako. Amekuja leo asubuhi, akabisha mlango wa bluu. Mama mdogo hamwoni, ananigombeza eti nasema uongo." Mtoto akashusha sauti, akawa ananong'ona kwenye simu. "Lakini ni mzuri, mama. Ananisikiliza. Nimemhadithia kuhusu godoro ulilosema umeninunulia, na yeye alikuwa analijua tayari, akaniambia hata rangi yake."

"Mwanangu. Nisikilize. Usimjibu. Mwite mama mdogo hapo."

"Anaosha vyombo. Mama, mgeni ananiambia nikuambie usihangaike kuja kunichukua stendi." Kwenye simu kukasikika kitu kinachotafuna, bila haraka, karibu sana na mdomo wa mtoto. "Shule zikifungwa tutakuja wote. Ameshachagua kiti cha pembeni yangu."