Mokami Hajanenepa

Ghati wa Nyamwaga alitembea kifua mbele. Hakujaliwa mtoto wa kiume, ndiyo maana alimwoa Mokami kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, ili boma lake lipate mrithi. Sasa Mokami alikuwa na mimba ya miezi minane, na uso ulikuwa umejaa.

Kila asubuhi Ghati alimpikia supu ya kongoro. Majirani walisema kwa Ghati watu wanakula, naye sifa alizipenda kuliko supu yenyewe. Bangili ya Mokami ilipogoma kutoka mkononi, Ghati alicheka kwa furaha. Mokami aliposema kichwa kinamuuma, akaambiwa ni jua la shamba. Hata kliniki hakwenda. Ghati aliuliza, mtu aliyenona hivi anaumwa nini?

Siku moja akapita Felista, mhudumu wa afya wa kijiji. Ghati akamwonyesha Mokami kama anayeonyesha ndama wa maonyesho. Felista hakusifu. Alibonyeza mguu wa Mokami kwa kidole, pakabaki shimo. Akamuuliza kuhusu kichwa.

"Kinauma tangu juzi," Mokami alisema. "Na macho yanaona ukungu."

Felista akamgeukia Ghati. "Mama, Mokami hajanenepa. Amevimba. Uso kuvimba, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, hizo ni dalili za presha ya mimba. Akipata kifafa cha mimba, tunaweza kumpoteza yeye na mtoto."

"Basi anywe supu kwanza, apate nguvu."

"Supu haishushi presha, mama. Twende hospitali sasa hivi."

Ghati aliingiwa na hofu. Akaiepua sufuria, akakimbia kwa jirani mwenye gari.

Hospitalini presha ilikuwa juu sana, na mkojo ulikuwa na protini. Mokami alipewa dawa na kuchomwa sindano ya kuzuia kifafa. Siku hiyohiyo akazalishwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Ghati alilia kwa shukrani kwamba wote wawili wako hai. Muuguzi akamweleza kwamba presha huweza kupanda bila dalili yoyote, kwa hiyo mjamzito ahudhurie kliniki apimwe presha na mkojo, na baada ya kujifungua aendelee kupimwa.

Wiki chache baadaye uvimbe uliisha, bangili ikatoka yenyewe. Jirani Waisiko, mwenye mkwe mjamzito, akatania, "Mbona mkeo amekonda? Supu imekwisha?"

Ghati alimpakata mtoto vizuri. "Supu ipo," akasema. "Mkwe wako amepimwa presha?"