Gitaa la Mashoto la Bukiriro

Wiston, mpiga gitaa wa kwaya kule Nyakahura, ni mashoto. Miaka kumi amepiga gitaa la watu akiwa amelipindua juu chini, na waimbaji wenzake hawachoki kumcheka. Basi aliposikia kwamba Bukiriro kuna mjane anauza gitaa la umeme la zamani, la mashoto kabisa, hakutulia. Kanisimulia mwenyewe, na mimi sina kifua.

Alimkuta mjane, Mama Clotilda, akianua kahawa uani, mvua imeshatanda.

"Shikamoo, mama. Nimefuata gitaa."

"Marahaba, mwanangu. Limo chumbani kwa marehemu mume wangu, Protasi. Kaliangalie, ukilipenda tutaongea. Ila piga hodi kwanza."

Wiston akacheka, akapiga hodi, akaingia. Dirisha limefungwa, giza kama ndani ya chungu. Akasikia ting... ting... kama mtu anakaza uzi polepole. Akasimama. Kimya. Mvua ikaanza kugonga bati. Akapapasa ukuta mpaka akalipata gitaa, akalipakata, nalo likamkaa kama limechongwa kwa kifua chake. Hapo hapo akaamua: nanunua.

Mama Clotilda akamwita kutoka uani. "Umekuja na nyuzi zako lakini? Za Protasi nilizitoa zote, nikamlaza nazo kwenye jeneza. Kwetu mpigaji haachi sauti yake nyuma."

Vidole vya Wiston vilikuwa vimezishika nyuzi, zote sita, zina joto na zimelowa jasho.