Diski Zilizopita Chini ya Sumaku

Jeltje na mumewe Wobbe wana yadi ya chuma chakavu mjini Drachten. Wobbe ana winchi yenye sumaku kubwa, na anaisifu kuliko anavyomsifu mkewe.

Wiki ile walipokea kompyuta kuukuu kutoka nyumba inayowaficha wanawake waliokimbia waume wakatili. Froukje, mdogo wake Jeltje, ni mmoja wao. Mumewe, Douwe, alikuwa bado anamsaka.

Wobbe alizing'oa diski, ile sehemu ya kompyuta inayotunza kumbukumbu. Akazipitisha chini ya sumaku, kisha akazipanga mezani ziuzwe.

"Zote zimefutika," alimwambia jirani yao Geeske, fundi wa kompyuta aliyekuja kunywa kahawa. "Sumaku hii inanyanyua gari zima!"

"Kunyanyua gari ni kitu kimoja, jirani, na kufuta diski ni kingine. Lete moja tuione."

Geeske akaiunganisha na kompyuta yake. Majina ya wanawake yakajaa kwenye kioo. Jeltje akaona jina la Froukje, mtaa anaojificha, hata namba ya mlango.

"Mungu wangu! Douwe akiipata hii, atamuua."

"Mmeuza ngapi?" Geeske aliuliza.

"Bado hata moja," Wobbe alijibu.

"Afadhali. Sasa sikilizeni. Hata ukifuta mafaili kwa kawaida, mtu anaweza kuyarudisha. Tumieni programu ya kufutia, inayoandika upya diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Unganisheni nyingi kwa mpigo, nyie mkaendelee na kazi zenu. Ikimaliza, kagueni kila moja."

"Na hizi nyembamba?" Jeltje aliuliza.

"Hizo ni za chipu, hata sumaku hazijui. Zina amri yake ya kujifuta, mnaitoa kwa programu. Iliyokufa, isiyowaka kabisa, msibahatishe. Isagwe vipande vipande."

Walifanya hivyo. Jeltje hakubanduka mezani.

"Zote tupu," Geeske alisema baada ya kukagua ya mwisho.

"Angalia tena."

"Tupu, Jeltje."

Jumatatu asubuhi mwanamume aliingia yadini.

"Za siku nyingi, shemeji?"

Alikuwa Douwe.

"Nasikia mmeletewa mizigo ya ile nyumba ya wanawake," Douwe alisema, akigeuzageuza mkononi diski aliyoiokota mezani. "Hizi zinauzwa?"

Jeltje alitaka kupiga kelele. Akajikaza.

"Zinauzwa."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi tu."

Douwe alichagua tatu, akalipa, akatoka haraka huku akitabasamu. Jeltje akafunga geti, akaketi palepale chini. Wobbe akamkimbilia.

"Umemuuzia? Akizifungua je?"

"Azifungue," Jeltje alisema.