Buti za Joachim

Kajetani, rafiki yangu fundi baiskeli wa Mfaranyaki, ni mwoga kama mimi, ila mimi najua kuficha. Mpwa wake Joachim, mwanajeshi, alifia vitani Kongo, akarudishwa Matogoro katika jeneza lisilofunguliwa. Siku ya kugawana nguo za marehemu, Walburga, dada yake Kajetani na mama wa Joachim, alimpa Kajetani ufunguo wa chumba cha kijana.

“Kaka, kachukue buti zake za shamba. Nikikuona umezivaa, labda nitaamini amekufa.”

Chumba kilikuwa kimefungwa tangu kijana aondoke, na ndani kulikuwa giza tupu. Kajetani alisikia miguu ikikung'uta matope sakafuni, mara mbili.

“Panya wa huku wanavaa viatu,” alijichekesha. Akapapasa, akazipata, akatumbukiza mguu.

“Zimekutosha?” Walburga aliuliza kutoka uani.

Buti ilikuwa na joto, kama iliyovuliwa sasa hivi.