Mkeka wa Wacera

Phares alimkanyaga Wacera kwenye foleni ya unga wa mahindi ya manjano pale mtaani Makongeni, mwaka ule wa njaa, na badala ya kuomba radhi akasema, "Viatu virefu hivi, vidole vimefikaje chini?" Wacera, gauni la maua na nywele za afro, alicheka mpaka akapitwa kwenye foleni. Mwaka uliofuata walikuwa mke na mume, na tumbo la Wacera lilikuwa linamtangulia mlangoni.

Mgongo ukaanza kumtesa. Kwa bahati, mkunga mmoja, Bi Jawahir, alifundisha yoga ya waja wazito kila Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Haikuwa yoga ya kila mtu: hakuna kulalia tumbo wala kujipinda kupita kiasi. Walinyoosha kiuno, wakalegeza nyonga, wakajifunza kupumua wakingojea siku ya uchungu. Wacera akaanza kupata usingizi tena.

Phares alikuwa mwanakwaya, na alimwogopa Mzee Njogu wa kanisa kuliko alivyomwogopa Shetani. Jumamosi moja akachungulia dirishani, akaona wanawake wamepiga magoti, mikono chini, macho wamefumba, wakivuta pumzi kwa pamoja. Akadhani ni ibada ya dini ngeni.

"Umebadili dini," alimwambia mkewe jioni.

"Nimebadili namna ya kukaa, mpenzi."

"Mzee Njogu akisikia?"

"Kwani Mzee Njogu ndiye ana mimba?"

"Chagua, Wacera. Huo mkeka au mimi."

Wacera akaukunja mkeka, akautia kwapani, akaenda zake kwa dada yake, mtaa wa Donholm. Alilia njia nzima, maana alimpenda yule mpumbavu.

Haikupita wiki, Phares akainama kufua soksi zake, akashindwa kuinuka. Akatoka vivyo hivyo, amejikunja, kuelekea kibanda cha simu.

"Umeangusha nini, Phares?" jirani akamuuliza.

"Mke," akajibu, akaendelea na safari.

Simu ikalia Donholm.

"Wacera wangu, njoo. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Katikati. Juu siendi, chini siendi."

Wacera akacheka bila huruma. "Mwite Mzee Njogu akuombee."

"Sitaki Mzee Njogu, nakutaka wewe. Niliogopa macho ya watu, nikasahau kwamba mgongo wako unauma. Sasa najua unavyouma. Nisamehe, mama."

Kicheko kikakatika. "Usifue kitu kingine," Wacera akasema. "Nakuja."

Alimkuta mlangoni bado amejikunja, akamwingiza ndani, akamtandikia mkeka, akampigisha magoti, naye akapiga magoti kando yake. "Mikono chini. Vuta pumzi. Pandisha mgongo polepole, toa pumzi."

"Yesu wangu," Phares akaguna.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mzee Njogu, aliyesikia kuwa mwanakwaya wake anatembea kama anatafuta sindano.

"Phares, haya ni maombi gani?"

Wacera alimtazama mumewe, mkono tayari kwenye ukingo wa mkeka. Angejibu vibaya, angeukunja mara ya pili, na safari hii asingerudi.

"Si maombi, mzee," Phares akasema, magoti yakiwa palepale. "Ni mazoezi ya mke wangu ya ujauzito. Jumamosi nampeleka mwenyewe kwa mkunga, Bi Jawahir, na mkeka nabeba mimi. Tafadhali funga mlango, baridi inaniingia kiunoni."

Wacera akauachia mkeka.

Mzee Njogu akafunga mlango, yeye akiwa ndani. Akavua koti polepole, akajishika nyonga.

"Na wasio na mimba," akauliza kwa sauti ya chini, "huyo mama huwafundisha?"