Mti Usio na Askari

Fundi alikuwa mchonga vinyago. Kila asubuhi alikaa kibarazani, miguu imezama kwenye vumbi la mbao, akimtoa faru ndani ya gogo la mpingo. Magogo aliletewa na kaka yake. Zamani kaka aliyapata nyuma ya nyumba tu, baadaye ng'ambo ya mto. Mwishowe alivuka vilima viwili, akarudi na vigogo vyembamba kama mkono wa mtoto.

Siku moja hakurudi. Mti aliokuwa akiukata kwenye genge la mlima ulimwangukia.

Baada ya mazishi, Fundi hakushika tena patasi. Jirani yao, Mama Kitalu, aliyekuwa akiotesha miche ya idara ya misitu, alikuja kumpa pole Fundi na shemeji yake, mjane wa kaka. Akamwona faru aliyeachwa nusu. Akamwokota, akampangusa vumbi.

"Faru analindwa na askari," alisema taratibu. "Hata watoto wa shule wanajua anakwisha. Mpingo nao unakwisha. Nani anaulilia?"

Fundi akasema mti si mnyama. Ukikatwa, mwingine huota.

"Huota, ndugu yangu, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Faru huzaa ndama mmoja, akakaa miaka kabla ya kuzaa mwingine. Mpingo hutaka umri wa mzee ndipo upate moyo mweusi. Ukiukata ungali mchanga, haujaacha mbegu. Umeua ndama."

Akawaeleza kwamba faru angalau hukimbia. Mti humngoja mwenye shoka. Ila faru hafugwi uani, na mpingo hupandika. Kwa sasa Fundi achonge mwarobaini, au miembe iliyozeeka.

"Nikipanda leo, nitauchonga lini?"

"Wewe hutauchonga."

Ndipo shemeji, aliyekuwa hajasema neno tangu msiba, akafungua kinywa.

"Mume wangu amekufa akitafuta mti ambao hakuna aliyeupanda," alisema. "Nipe hiyo miche."

Mvua zilipoanza, wakapanda. Michache ilikufa, mingi ikashika. Vinyago vya mwarobaini vikapata wanunuzi, watoto wa nyumbani wakala, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyekwenda tena gengeni.

Miche sasa inamfika Fundi magotini. Jioni shemeji huimwagilia. Akimaliza, hukaa chini kando ya miche, ndoo tupu mapajani. Fundi humwona, akaendelea kuchonga polepole, asimwite.