Jinamizi Lililovaa Gauni

Kila asubuhi kambini Dzaleka, Ketsia aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama yake, Orpa, alikuwa fundi wa nguo tangu walipokuwa Uvira, na vita vya Congo vilipowakimbiza hadi Malawi, alikumbuka kubeba mkasi kabla ya sufuria. Ketsia alikunja mkeka, akaenda bombani kuteka maji, kisha akapita kwa jirani yao, Mama Mapendo, kuchukua mandazi ya asubuhi.

Mama Mapendo, muuza mandazi, alitoka Kindu. Alikuwa mnene na mcheshi, na kila siku alimkaangia Ketsia andazi dogo la nyongeza. Wiki hiyo alikuwa hashikiki kwa furaha, maana mwanawe Alimasi, aliyefanya kazi dukani kule Biwi, Lilongwe, alikuwa anaoa Jumamosi.

Lakini Jumatatu Ketsia alirudi na ndoo peke yake.

"Mandazi iko wapi?" mama yake aliuliza.

"Sina njaa," akajibu Ketsia, mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa njaa.

Ukweli alikuwa amemwambia rafiki yake Charlotte tu, kule bombani.

"Usiku niliamka," alimweleza kwa sauti ya chini. "Macho iko wazi, lakini mwili inakataa. Siwezi kuinua hata kidole. Nataka kuita mama, sauti haitoki. Na kuna mutu ananikalia kwa kifua."

"Iyo njo jinamizi," Charlotte alisema. "Kwetu Fizi banasema kuna mutu analituma. Uliona sura yake?"

"Sura hapana. Niliona gauni. Ya buluu, na ndege ya njano."

Charlotte akaweka ndoo chini. Kitambaa hicho kila mtu alikijua. Alimasi alimnunulia mama yake sokoni Lilongwe kwa ajili ya arusi, na Mama Mapendo alikitembeza nyumba kwa nyumba kabla ya kumpa Orpa akishone. Kambini hapakuwa na kingine kama hicho.

"Usiambie mutu," Ketsia akamwomba.

Charlotte aliapa. Na kweli hakumwambia mtu mmoja; aliwaambia wengi.

Maneno hayo yakaenda mbio kuliko kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema kanisa lifunge na kuomba, na mzee Narcisse, Mrundi wa nyumba ya kona, akasema kwao mtu wa namna hiyo hupewa sehemu yake ya kukaa, mbali na wengine. Kila mtu alikuwa na maelezo, ila hakuna aliyekwenda kumwuliza Mama Mapendo mwenyewe. Jumanne beseni la mandazi lilirudi limejaa. Jumatano watoto walivuka njia walipomwona, na wanawake walioahidi kwenda Biwi kupika pilau ya arusi wakaanza wote kuumwa magoti.

Ketsia aliumia moyoni. Alimpenda Mama Mapendo na wakati huohuo alimwogopa, na hakujua la kufanya. Usiku alikesha akisoma kwa ajili ya mtihani, na hata alipomaliza aliogopa kulala. Alhamisi alirudi kutoka shuleni akiwa hoi, akajitupa chali mkekani, usingizi ukamchukua mara moja.

Nje, mlangoni, Orpa alikuwa anashona. Mama Mapendo akaja, akaketi kwenye kigoda.

"Orpa, nirudishie kitambaa yangu vile iko," alisema.

"Gauni imebakia mikono tu, dada."

"Najua. Lakini sitaenda kwa arusi. Batoto bananikimbia. Nikifika Biwi na sifa kama iyo, bakwe bangu batasema nini? Afazali Alimasi aoe kwa amani, mi nibakie hapa."

Ndani, Ketsia aliyasikia yote. Macho yake yalikuwa wazi. Alitaka kuinuka, mwili ukakataa. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Kifua kikawa kizito, na pale juu yake kilisimama kile kitu cha buluu chenye ndege wa njano. Lakini nje alimsikia Mama Mapendo akipenga kamasi kwa kilio. Kama Mama Mapendo yuko nje, Ketsia akawaza, huyu wa humu ndani ni nani?

Kidole kimoja kikacheza. Mguu ukafuata, kisha sauti.

"Mama! Iko hapa!"

Wanawake wote wawili wakaingia mbio. Mama Mapendo alikuwa amevaa kanga yake kuukuu ya kijani, mikono imejaa unga. Ketsia akamtazama, kisha akatazama ukutani. Juu ya mkeka wake, kwenye msumari, lilining'inia gauni la arusi. Orpa alikuwa akilitundika hapo kila alipoacha kulishona, lisichafuke. Upepo wa mlangoni ulilijaza kidogo, likavimba kama limevaliwa.

Ketsia akalia. "Mama Mapendo, mi njo nilisema. Nilisema unakujaka usiku kunikaba."

Mama Mapendo alilitazama gauni. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akakaa chini mkekani.

"Lakini haina hata mikono," alisema akijifuta machozi. "Ingekukaba na nini?"

Orpa naye akashindwa kujizuia, na hata Ketsia akacheka katikati ya kilio.

"Mi pia ilinikabaka kule Kindu, nilipoolewa," Mama Mapendo aliendelea. "Nikasema ni mama-mkwe. Mwaka muzima nilikataa chakula yake. Na maskini, alikuwa anapika muzuri."

Jioni hiyo Orpa alimpeleka Ketsia kwa muuguzi wa zahanati, Vénérande. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumdharau.

"Unapoota, mwili hujifunga ili usirukeruke na kujiumiza," alimweleza. "Mara nyingine akili huamka mapema, mwili ukachelewa. Hapo ndoto huingia chumbani ukiwa macho, nayo huvaa chochote inachokikuta. Hutokea zaidi kwa mtu aliyechoka, asiyelala vya kutosha, hasa akilala chali. Sali kama mnavyosali nyumbani, lakini ulale mapema, na ulalie ubavu. Jinamizi likija tena, usipigane nalo. Chezesha kidole tu, utafunguka."

Ijumaa asubuhi kulikuwa na foleni ndefu bombani. Ketsia alisimama mbele ya watu wote, gauni likiwa mkononi, akaeleza kila kitu bila kujificha. Kisha akaomba msamaha. Alipofika kwenye habari ya mikono, foleni nzima iliangua kicheko, na mzee Narcisse ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kabla jua halijapanda, beseni la mandazi lilikuwa tupu. Magoti ya wapishi nayo yakapona.

Jumamosi walipanda nyuma ya pikapu kwenda Lilongwe, wamebanana na sufuria na vigelegele. Mama Mapendo aling'aa katika gauni lake. Ketsia aliketi kati yake na Orpa.

"Uliogopa kweli, mwanangu, na hakuna wa kukucheka kwa ile," Orpa alimwambia. "Lakini siku ingine ukiogopa, kuja uniambie mi kwanza. Usipatie woga yako jina ya jirani. Woga yako ilipita kwa siku kidogo, lakini jina ya mutu ikisha kuharibika, kuishona tena ni kazi."

Ketsia aliitikia kwa kichwa. Usiku uliopita alilala mapema, lakini barabara ni ndefu na jua lilikuwa zuri. Taratibu akainama, akamlalia Mama Mapendo mapajani.

"Leo njo wewe unanikalia," Mama Mapendo alinong'ona.

Mguu wake ulikufa ganzi, lakini hakuusogeza. Alimkumbatia mtoto kwa mikono mipya yenye ndege wa njano, akamwacha alale mpaka Biwi.